Taulo la Mrushaji

Jumanne, 26 Agosti. Omaha

Mtoa roho kaja asubuhi, sijavaa hata soksi. Ndivyo tunavyomwita kambini yule kijana wa ofisini anayepita kugonga milango siku ya kupunguza watu. Aligonga kwa woga, kama anadaiwa. "Bwana Haskett, Kocha anakuita. Njoo na vitu vyako." Nikamwambia, "Mwanangu, nimeshafukuzwa na timu nane kabla yenu. Gonga mlango kama mwanamume." Wala hakucheka.

Kocha mkuu akasema Keelan yuko tayari, na ni kwa sababu yangu. "Umemfundisha vizuri mno, Lyle." Ama kweli. Miaka kumi na miwili narusha mpira wa Kimarekani katika ligi hii, nyingi nimekaa benchi nikiwa nimeshika kofia ngumu, na leo nimefukuzwa kwa kosa la kufundisha vizuri.

Keelan Broussard alinifuata mpaka kwenye gari na kandambili zake. Ana miaka ishirini na mitatu, mtoto wa Louisiana, mkono wake wa kulia Mungu kaupa baraka mara mbili. Analia waziwazi. "Mzee, nani ataniambia nikikosea?" Sefo, mlinzi wetu wa kushoto, anayemkinga mrushaji asivamiwe kwa nyuma, Msamoa mkubwa kama friji, alinibebea begi kwa kidole kimoja. "Usijali, Mzee," akasema. "Huyu mtoto mgongo wake uko kwangu. Nzi hatamgusa."

Nimewaambia nina vumbi machoni.

Jumatano, 27 Agosti

Siku nzima barabarani. Mahindi kulia, mahindi kushoto, hadi Ohio.

Jumanne, 9 Septemba. Nyumbani

Tunakaa kwa mama mkwe. Corinne kachoka kuhamahama na simlaumu. Tumeshaishi miji tisa, na masufuria yetu mengine bado yamo kwenye maboksi tangu wa tano. Jioni mke wangu hunidakia mpira uani. Anadaka kuliko wachezaji kadhaa niliowahi kuwalipia chakula. Leo kaniuliza, "Lyle, simu isipolia msimu huu?" Nikasema italia. Mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "Shule ya wilaya inatafuta kocha. Na kocha wa shule hulala kwake kila siku." Nyanya zimeiva nyingi, tunakula nyanya asubuhi na jioni.

Jumanne, 16 Septemba

Keelan kapiga simu. Jumanne ni siku yao ya mapumziko na kila Jumanne hunipigia. Wiki hii wanakwenda Louisville, na kelele za uwanja ule nazijua, hata mawazo yako huyasikii.

"Mzee, tutafanyaje? Ugenini wananimaliza. Wakabaji wao, wale wanaonivamia, wanaondoka kabla ya watu wangu."

Kosa nililiona kwenye televisheni. Penye kelele mrushaji hawezi kuita kwa sauti, basi huinua mguu. Mtoa mpira, yule anayeinama katikati, akiona mguu huinua kichwa, kisha hutoa mpira. Adui wanamtazama kichwa tu. Kichwa kikiinuka nao wanafyatuka.

Nikamwambia, "Wadanganye. Una taulo kiunoni la kukaushia mikono, sivyo? Ukifuta mkono kabla hujasimama mahali pako, basi mpira unachelewa kidogo baada ya kichwa. Usipofuta, unatoka papo hapo. Watu wako watano wanalijua hilo, adui hawalijui. Nani atamshuku mtu anayefuta jasho?"

Halafu akapiga ukelele hadi nikaiondoa simu sikioni. "Mzee, wewe ni mchawi!"

Leo nitalala vizuri. Mtu akikutumia, unajua upo.

Jumapili, 21 Septemba

Omaha kashinda Louisville. Keelan alikuwa anafuta mkono kama mhudumu wa hoteli. Wakabaji wale wamechanganyikiwa mpaka wakaanza kugombana wenyewe. Nimeruka juu ya kochi la mama mkwe.

Jumanne, 30 Septemba

Simu pekee iliyolia ni ya Keelan.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimekwenda kuonana na mwalimu mkuu. Mtu mwema. Kaniambia kazi ya ukocha inaweza kunisubiri hadi Krismasi. Nikamshukuru, na nilipotoka nje nilihisi kama mtu aliyetoka kuchagua jeneza lake. Sikumwambia Corinne hisia hiyo, nilimwambia tu nitafikiri.

Jumanne, 14 Oktoba

IMELIA! Toledo! Mrushaji wao wa akiba kavunjika kidole. Toledo, saa moja na nusu tu kutoka hapa mlangoni! Corinne kacheka na kulia kwa pamoja. Mama mkwe kasema, "Haya, mgeni njoo mwenyeji apone," halafu kanikatia kipande cha pai kikubwa kuliko cha kila mtu.

Jumanne, 21 Oktoba. Toledo

Jina langu limebandikwa kabatini kwa plasta, maandishi ya kalamu. Wenzangu wana vibao vya shaba. Sijali, nina kabati.

Kocha wa wakabaji, Stuckey, aliniletea kahawa mwenyewe. Mtu mzima, mpole, anamuuliza kila mfagiaji hali ya mama yake. Akakaa, akaniuliza kuhusu Corinne, na magoti yangu, na kama napenda uvuvi. Kwa nini kocha wa wakabaji anajisumbua na mrushaji wa akiba? Nikadhani ni roho nzuri tu. Mimi nami, baada ya miaka yote hii!

Jumanne, 28 Oktoba

Kumbe ratiba sikuitazama vizuri. Tarehe tisa Omaha wanakuja hapa.

Keelan kapiga, furaha tele. "Mzee, tutaonana! Nitakuletea soseji za kwetu, mama kaniagizia."

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua ya baridi. Stuckey na kahawa yake tena. Leo kaniuliza wazi: Omaha, penye kelele, wanajuaje mpira unatoka lini? Nikasema sikumbuki vizuri. Akatabasamu, "Hakuna haraka, bwana. Ukikumbuka."

Mchezo huu una desturi zake na huu si wizi. Kila timu humwokota aliyefukuzwa na wapinzani, kumkamua kidogo. Mimi mwenyewe nilipokuwa Duluth na Des Moines nilikamuliwa, nikasema yale yaliyokuwa ya kocha: mbinu, mipango, majina. Kocha ni kocha, analipwa kubuni mengine. Lakini taulo si la kocha wa Omaha. Taulo nilimpa mtoto yule mimi, kwa mkono wangu, kwenye simu, nikiwa na nyanya mdomoni.

Jumanne, 4 Novemba

Nilipita uwanja wa ndani nikaona warushaji watatu wanajaribiwa, vijana watupu. Mmoja anarusha huku anacheka. Hakuna aliyeniambia lolote. Stuckey alikuwa amesimama pembeni, akanipungia mkono kwa upole wake uleule.

Keelan kapiga simu jioni, na kwa mara ya kwanza sikupokea.

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimesema.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Nimesema vipi? Tulikuwa mezani, supu ya maharage. Stuckey hakuuliza hata. Alisema tu kwamba kesho ofisi itaamua ni nani abaki, na kwamba yeye angependa nibaki. Nikachukua kitambaa cha mezani, nikafuta mkono, nikasema, "Akifanya hivi, subirini. Asipofanya, ondokeni na kichwa." Basi. Maneno machache tu, na supu ilikuwa haijapoa. Akanipiga bega.

Mwenye njaa hana miiko, wanasema. Lakini mimi sikuwa na njaa, nilikuwa na bakuli mbele yangu, na shule nzima inanisubiri nyumbani.

Ijumaa, 7 Novemba

Mazoezini Upshaw, mkabaji wetu wa pembeni, kafundishwa kutazama taulo. Upshaw ni mtu wa kufuga njiwa, ana picha zao kwenye simu. Mara tatu mfululizo kaondoka sambamba na mpira. "Loo, ni kama kuona maswali kabla ya mtihani!" anasema.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika nikiwa jikoni kwa mama mkwe. Wengine wamekaa sebuleni na wananiacha peke yangu.

Kabla ya mchezo tulikuwa uwanjani tunapasha misuli. Keelan alinikimbilia kutoka upande wao, akanikumbatia mbele ya watu wote, akaninyanyua. Soseji zimo kwenye basi, kasema. Halafu akashusha sauti: "Taulo lako halijaniangusha, Mzee. Hakuna aliyelisoma mpaka leo."

Mdomo wangu ulikuwa sentimita chache kutoka sikio lake. Nami nimeukumbatia mgongo wake, taulo lenyewe linanigusa kidole. Nikasema, "Cheza vizuri, mdogo wangu." Yeye akarudi kwao anarukaruka.

Sefo naye alinisalimu kwa mbali, akajipiga kifua, akamwonyesha Keelan kidole, kama kuniambia: yuko kwangu.

Kipindi cha kwanza Upshaw alikaribia mara mbili, Sefo akamzuia kwa nguvu tu, kwa ukubwa wake. Nilianza kuomba Mungu kimoyomoyo. Naomba nini? Timu yangu ishindwe? Nilikuwa naomba mambo mawili yanayopigana, na Mungu ana kazi nyingine.

Kipindi cha tatu. Kelele mpaka kofia inatetemeka mkononi mwangu. Keelan kasogea mahali pake, katazama kushoto, katazama kulia, hakufuta mkono. Hakufuta. Niliona hivyo, na Upshaw aliona hivyo. Mguu, kichwa, na Upshaw tayari yuko hewani. Sefo alikuwa hajainuka kutoka mkao wake. Hakuna binadamu angeinuka. Keelan amegeuza uso upande wa pili anatafuta mtu wa kumrushia, mkono uko nyuma, hajui lolote, maana mgongo wake uko kwa Sefo.

Alipigwa kwa nyuma. Mguu wa kushoto ulikuwa umezama kwenye nyasi za matope, mwili ukaenda, mguu ukabaki. Goti lilikunjwa upande ambao goti halikunjwi. Watu wa mbali hawakusikia, mimi nilisikia, au nadhani nilisikia. Uwanja mzima ulishangilia, kisha ukanyamaza kidogokidogo, safu kwa safu.

Upshaw alipiga magoti kando yake, kavua kofia. Sefo kasimama kashika kichwa. Keelan alipopitishwa kwenye machela alikuwa anamwambia Sefo, "Pole, pole, nimeshikilia mpira muda mrefu." Anaomba radhi yeye!

Tukashinda. Chumbani, wote wamekaa, kocha wetu mkuu akasimama na mpira wa ushindi, ule anaopewa mtu aliyefanya makubwa siku hiyo. Upshaw alinyoosha mkono kuupokea. Kocha akasema, "Hapana. Leo unakwenda kwa mtu ambaye hakugusa nyasi." Akanirushia mimi. Watu hamsini wakapiga makofi. Stuckey alipiga zaidi ya wote. Nami nikaudaka. Kudaka ni mazoea, mikono inafanya yenyewe.

Ndani ya gari Corinne akauliza, "Wamekupa kwa nini na hukucheza?" Nikasema nilisaidia matayarisho. Akatazama mvua kwenye kioo hadi tukafika.

Jumanne, 11 Novemba

Keelan kapiga simu, kutoka hospitali. Ni Jumanne, kapiga! Sauti nzito kwa dawa. Madaktari hawaahidi kitu. Msimu huu basi, ujao labda.

"Mzee, wewe ulikuwa unaona. Nilikosea wapi?"

Nikasema, "Hukukosea. Matope yale." Akasema, "Wanasema Sefo alichelewa. Mimi sitaki kuamini." Nikasema, "Hata mimi." Kisha akaniuliza kama zile soseji zilinifikia.

Zilinifikia. Ziko kwenye friji ya mama mkwe, zimefungwa, hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa na hakuna anayejua sababu.

Jumatano, 12 Novemba

Mtoa roho wa Toledo ni mama mmoja mwenye miwani. "Bwana Haskett, Kocha anakuita." Omaha imepita, ng'ombe kakamuliwa. Yule kijana anayerusha huku anacheka ndiye kachukua kabati, plasta yangu ilikuwa imeshabanduliwa. Stuckey nilimkuta koridoni. Akaniuliza hali ya Corinne.

Alhamisi, 13 Novemba

Gazeti: Omaha wamemfukuza Sefo. Wameweka picha, Upshaw hewani na Sefo bado kainama, na mshale mwekundu. "Miaka saba ya utumishi, sekunde moja ya usingizi." Usingizi! Sijala.

Jumamosi, 15 Novemba

Omaha wamepiga simu. Hawana mrushaji. Wanamtaka mtu anayejua mbinu zao, aanze mara moja. Aanze! Miaka mingapi imepita tangu nianze mchezo badala ya kukaa benchi? Nikauliza, kwa nini mimi? "Keelan mwenyewe ndiye aliyekutaja. Kasema hakuna mwingine anayemwamini."

Jumapili, 16 Novemba

Nimemwambia Corinne kila kitu, gereji, tukiwa tumesimama. Alisikiliza bila kunikatiza. Nikasema kila timu hufanya. Nikasema wangenifukuza. Nikasema sikumvunja mimi goti.

"Lyle," akasema, "unatafuta mtu wa kukuambia hukukosa. Mimi siye."

"Basi nisiende Omaha?"

"Nenda. Watu uliowakosea wako kule. Hapa hutawapata."

Kisha akazitoa zile soseji kwenye friji na kuzifunga vizuri, akaniwekea kwenye gari. Sikuuliza nizifanyie nini.

Jumapili, 23 Novemba. Omaha

Tumecheza nyumbani, tumeshinda. Nimerusha vizuri kuliko miaka yangu yote, Mungu anisamehe. Theluji ya kwanza. Mashabiki wameimba jina langu, watoto wamejiandika namba yangu mashavuni. Keelan alikuwa pembeni ya uwanja na magongo yake, akinionyesha kwa vidole wapi pana mwanya. Kila nilipofunga alikuwa wa kwanza kunigonga kofia.

Alhamisi, 27 Novemba. Sikukuu ya Shukrani

Sefo kanialika. Mtu kafukuzwa kazi, bado yuko mjini kwa sababu watoto wako shuleni, na ameniita mimi nisile sikukuu peke yangu. Mkewe Mele kapika bata mzinga na magimbi ya nazi. Keelan naye yupo, mguu juu ya kiti, mtoto mdogo wa Sefo anachora magari kwenye plasta yake.

Desturi yao kila mtu mezani aseme anashukuru nini. Keelan alinishukuru mimi. Mele alishukuru kwa afya. Mimi nilishukuru kwa chakula, nikakohoa.

Tulipokuwa tunaosha vyombo Sefo akafunga mlango wa jikoni.

"Mzee, wewe ni mtu wa zamani na huwezi kunipaka mafuta. Nimeutazama mchezo ule kwenye simu mpaka Mele kaificha. Sioni nilipolala. Lakini kila mtu anasema nililala. Kakangu anasema. Mchungaji kasema niombe. Niambie kweli. Nilichelewa?"

Sahani ilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Upshaw ni mwepesi sana."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuosha. "Basi nilichelewa," akasema.

Mimi ni takataka. Naliandika hapa ili nikilisoma nisilikwepe.

Jumapili, 30 Novemba

Tumeshinda. Sina la kusema.

Jumapili, 7 Desemba

Tumeshinda tena, nyumbani. Mlinzi mpya wa kushoto ni mtoto, anapitwa ovyo, mbavu zangu zinauma. Wiki ijayo Louisville, kwenye kelele.

Jumatano, 10 Desemba

Nimesema. Safari hii pale palipostahili.

Kikao cha asubuhi. Kocha mkuu, walinzi watano, mtoa mpira akiwemo, mimi, na Keelan kwenye kiti chake karibu na ubao. Kocha akauliza Louisville, penye kelele, tutajuaje mpira unatoka lini. Keelan akacheka, "Swali gani hilo? Taulo. Mwenye taulo mwenyewe si huyu hapa?"

Nikasema, "Tusitumie taulo."

"Kwa nini?"

"Toledo wanalijua. Na Toledo wakijua, sasa ligi nzima inajua."

Mtoa mpira akageuka. "Wamejuaje?"

"Niliwaambia mimi."

Keelan alicheka. Alidhani nafanya mzaha, nami huwa nafanya mizaha. Alitazama nyuso za wengine ili acheke nao. Halafu nikaona anahesabu kichwani: Toledo, kipindi cha tatu, hakufuta mkono.

"Siku ile," akasema taratibu, "nilikukumbatia. Nilikuambia hakuna aliyelisoma."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeshawaambia."

"Jumatano iliyotangulia."

"Neno moja tu, Mzee. Ungeninong'oneza neno moja. Ningegeuza ishara, ningekwenda zangu kucheza, na hao wasingejua kamwe ni wewe."

Hilo sikuwahi kuliwaza. Naapa, wiki zote hizi nimejitetea na kujihukumu kwa ajili ya meza ile na supu ile, na sikuwahi kuwaza kwamba nilipewa nafasi ya kuponya kila kitu, ikanipita sikioni mwake. Ningebaki na kabati, naye angebaki na goti.

Nikamgeukia Kocha. "Sefo hakuchelewa. Mtu aliye mbele yake alijua mpira unatoka lini kama alivyojua yeye. Mrudisheni. Mimi nifanyeni mtakavyo."

Kocha akasema hana mrushaji mwingine, na msimu ukiisha nisikanyage tena jengo hili. Sefo atapigiwa simu. Keelan alichukua magongo yake. Mlangoni alisema, bila kugeuka, "Kila la heri Jumapili, Bwana Haskett."

Mchana nilikwenda kwa Sefo kabla simu haijamfikia, nilitaka aisikie kwangu. Nilimkuta anazoa theluji mbele ya gereji. Nikamwambia yote, tumesimama, koleo mkononi mwake, nami nikawaza kama akinipiga nalo ni halali yake.

"Kwa hiyo sikuchelewa," akasema.

"Hukuchelewa."

Akageuka kwenye nyumba, akapaza sauti mpaka jirani akachungulia. "Mele! Mele! Sikuchelewa! Mzee mwenyewe kasema, sikuchelewa!" Mele akatoka na aproni, akaziba mdomo kwa mikono, wakashikana pale kwenye theluji, wanalia. Nilisimama kando yao kama nguzo ya sanduku la barua. Baadaye Sefo akakumbuka kuwa nipo. Alinitazama tu, akamshika mkewe bega, wakaingia ndani na kufunga mlango. Koleo lilibaki limesimama kwenye theluji, nikamalizia kuzoa, kisha nikaondoka.

Ijumaa, 12 Desemba

Sefo mazoezini. Wenzake wamembeba juu. Mimi nakula meza ya peke yangu. Soseji nimezipika hatimaye, nimekula moja, zilizobaki nimeshindwa.

Jumapili, 14 Desemba. Louisville

Mvua ya barafu, kelele za kuumiza meno. Tulitumia ishara mpya ya kutoa mpira, aliyoibuni Keelan wiki hii. Kawaambia walinzi, na walinzi wakaniambia mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kuumia. Kusema kweli nilitaka kuumia. Nilifikiri, wameshajua, wataacha mmoja apite, na itakuwa haki. Sefo hakumwacha mtu apite. Hakuna siku nimewahi kulindwa hivyo maishani mwangu. Nilisimama pale nyuma yake nikarusha kama mtu anayerusha uani kwa mama mkwe.

Kipindi cha nne, cha mwisho, niliteleza mwenyewe. Hakuna aliyenigusa, barafu tu, nikaanguka chali na pumzi ikanitoka.

Katika mchezo huu, mrushaji akianguka hainuki mwenyewe. Walinzi wake ndio humwinua. Hakuna kocha anayewafundisha. Mtoto wa shule anafanya, mzee kama mimi anafanyiwa. Hata ukiwa mzima kabisa unalala pale unangoja, na daima mkono unakuja, mmoja au miwili. Nimechezea timu kumi, na zile zilizonidharau ziliniinua pia.

Nikalala, nikangoja.

Wote watano walikuja. Walisimama kunizunguka, na Sefo akasimama karibu zaidi, miguu yake huku na huku ya mwili wangu, ili mkabaji yeyote asinikanyage. Barafu ilikuwa inadondoka kutoka kofia yake hadi kwenye yangu. Nilinyoosha mkono, mazoea tu. Aliutazama. Mikono yake ilibaki kiunoni.

Basi nikageuka kwa tumbo, nikaweka viganja kwenye matope, goti moja, kisha la pili, nikasimama. Walikuwa wameshajipanga wananisubiri.